Mayai Aliyoyaandika Shaza

Mwanamkasi Aidarus hakujaaliwa mtoto wa tumbo lake. Aliolewa mara mbili. Mume wa kwanza alimwacha mwaka wa tano kwa sababu hiyo hiyo. Wa pili, marehemu Swaleh, hakulitaja jambo hilo hata siku moja, na kwa ihsani hiyo Mwanamkasi alimsomea dua kila Alhamisi tangu walipomzika. Alipotoka eda alibaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili huko Magogoni, Kisauni, na cherehani yake na kuku wake wa kienyeji, mpaka asubuhi ile mdogo wake Afrah alipobisha hodi akiwa na mtoto wa miezi saba kifuani, amemfunika blanketi ya manjano.

Afrah alikuwa nduguye wa baba mmoja mama mmoja, wamepishana miaka kumi na sita. Alikuwa amepewa talaka mimba ikiwa changa, na sasa alikuwa amepata kazi Doha.

"Dada, nilelee mwanangu miaka miwili tu," alisema. "Nikirudi namchukua."

Miwili ikawa minne, minne ikawa saba. Mtoto, Shaza, aliota meno, akatambaa, akaanza chuo cha Kurani na skuli, yote mbele ya Mwanamkasi. Neno la kwanza kulitamka lilikuwa "mama," na alilitamka akimtazama Mwanamkasi aliyekuwa kibarazani akichambua mchele. Mwanamkasi hakumsahihisha. Alijiambia mtoto ni mdogo mno, hataelewa. Na mwaka uliofuata akajiambia vivyo hivyo. Yule mwanamke wa kwenye simu, mwenye kutuma viatu na mabegi, Shaza alimwita Anti Afrah.

"Dada, umeshamwambia?" Afrah alikuwa akiuliza.

"Nitamwambia inshallah. Taratibu."

Kisha Afrah akarudi Kenya. Akaolewa Nairobi na Nawaf, mtu mpole mwenye duka la vitambaa, na mwezi wa Novemba akapiga simu na habari ambayo Mwanamkasi alikuwa akiingoja kwa hofu miaka yote. Walikuwa wamempatia Shaza nafasi ya skuli huko huko. Masomo yangeanza Januari. Skuli ilitaka cheti cha kuzaliwa chenyewe, si nakala kivuli.

"Nimekitafuta, sikioni," alijibu Mwanamkasi. "Labda kimeliwa na mchwa."

Cheti kilikuwa ndani ya sanduku lake, kimekunjwa katikati ya ile blanketi ya manjano.

Katikati ya Desemba kuku wake mmoja, koo mwekundu, akaanza kuatamia. Alijibanza kwenye ungo mbovu nyuma ya jiko, akivimbisha manyoya na kumdonoa yeyote aliyetia mkono. Mwanamkasi alimchagulia mayai kumi na mawili, ya wiki ile ile, yasiyo na ufa wala ganda la kukwaruza. Shaza, aliyekuwa na miaka tisa na mwandiko mzuri, aliyaandika kwa penseli: tarehe upande mmoja, na namba upande wa pili, moja hadi kumi na mbili. Walimwekea koo usiku ulipoingia tu, ili asishtuke, na Shaza akatia alama kwenye kalenda ya msikiti iliyotundikwa sebuleni. Siku ishirini na moja zingefika Jumamosi ya kwanza ya Januari.

Siku ya saba waliyapima. Walifunga madirisha ya chumbani, Mwanamkasi akayaweka mayai moja moja juu ya tochi ya simu, na Shaza akachungulia.

"Mama, naona kama buibui. Kuna mishipa. Kitu chenyewe chatikisika."

"Hicho ndicho kifaranga. Moyo wake huo."

Mawili yalikuwa meupe, hayana kitu. Kumi yalikuwa na uhai. Shaza aliyarudisha kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto, na siku ile nzima hakuzungumza jambo jingine.

Jumatano iliyofuata, siku ya kumi na moja, koo alitoka kama ilivyokuwa desturi yake kula na kujimwagia mchanga. Lango lilikuwa wazi. Mwanamkasi mwenyewe alikuwa ameliacha hivyo alipokuwa akipokea nguo za kushona. Kuku akavuka hadi barabarani, na bodaboda ikampitia. Mpaka Mwanamkasi anafika na kisu, alikuwa ameshakufa, amekuwa kibudu, hata kuliwa hawezi. Mwanamkasi alimwinua kwa miguu, akaona Shaza amesimama langoni akiwa amejishika kichwa.

"Na mayai, Mama? Nani atayalalia?"

"Tutayalalia sisi," alisema Mwanamkasi, na hapo hapo akaanza pilikapilika. Alitafuta boksi la sabuni, akalitoboa juu akapitisha waya wa globu, akaweka maranda ya mbao chini na bakuli la maji pembeni ili hewa isikauke. Jirani yake Pascalia, muuguzi mstaafu aliyewahi kufuga kuku wa kisasa alipokuwa akiishi Bamburi, alimpa kipimajoto na kumwambia asikubali kizidi nyuzi thelathini na nane. Mayai yalikuwa yakipoa. "Kimbia, mwanangu, kalete kitu cha kuyafunika," alimwambia Shaza. "Tazama sandukuni, kuna blanketi ya zamani."

Haraka haina baraka. Alimtuma bila kukumbuka kilichokuwa ndani ya mikunjo yake.

Shaza alikawia. Aliporudi alikuwa na blanketi mkono mmoja na karatasi mkono wa pili. Aliiweka karatasi juu ya cherehani, akasaidia kuyapanga mayai chini ya globu, akayafunika, akakaa kitako. Ndipo akaichukua tena ile karatasi.

"Mama, mbona hapa wameandika mamangu ni Anti Afrah?"

Mwanamkasi alikuwa bado amepiga magoti kando ya boksi. Alijifuta mikono kwenye leso aliyojifunga, ingawa haikuwa na maji.

"Kwa sababu ndiye aliyekuzaa."

"Na wewe?"

"Mimi nimekulea."

Mtoto aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akaigeuza upande wa pili, akaigeuza tena. "Na hii ndiyo ile uliyomwambia kwenye simu kuwa imeliwa na mchwa?"

"Ndiyo."

"Haina hata tundu," alisema Shaza.

Hakulia. Angelia, Mwanamkasi angejua la kufanya. Machozi ya mtoto yule alikuwa ameyafuta mara ngapi. Shaza alikikunja cheti kwa mikunjo yake ile ile, akakirudisha sandukuni, akaenda kukaa kibarazani hadi adhana ya magharibi.

Jioni ile Mwanamkasi alimpigia simu mdogo wake.

"Cheti kipo, Afrah. Kilikuwapo siku zote."

Afrah akavuta pumzi upande wa pili. "Najua, dada. Nilijua tangu uliposema mchwa. Nyumba yako huipiga dawa kila mwaka."

"Mbona hukusema?"

"Ningekwambia nini? Ulinifichia karatasi. Mimi nilikuachia mtoto miaka tisa." Kisha akaongeza: "Nitakuja Jumatatu."

Siku tatu Shaza aliongea na Mwanamkasi kwa maneno ya lazima tu. Alisalimia, alikula, alitumwa dukani akaenda. Alimwita kwa kumkaribia na kusimama mpaka atazamwe. Jina lolote hakulitamka. Lakini kazi ya mayai hakuiacha. Asubuhi, adhuhuri na jioni alikuja na kuyageuza, namba ikitazama juu, kisha tarehe, kisha namba, akisoma kipimajoto na kuandika joto kwenye daftari. Mwanamkasi alikaa upande mmoja wa boksi na mtoto upande wa pili, na mikono yao ilipishana juu ya mayai bila kugusana.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, stima ilipotea mtaa mzima. Kwanza hawakuhofu, kwa kuwa joto la Desemba lenyewe lilitosha kuchemsha mtu. Lakini mvua ya ghafla ikashuka, upepo ukaingia kila upenyo, na kipimajoto kikaanza kuteremka: thelathini na tano, thelathini na mbili. Mwanamkasi aliwasha jiko la makaa, akachemsha maji, akayatia kwenye chupa, akazizungushia matambara. Chupa zilipoa upesi. Wakazibadilisha, zikapoa tena. Mwishowe Shaza aliketi mkekani, akayachukua mayai matano na kuyaweka mapajani chini ya gauni lake, akajifunika blanketi hadi shingoni.

"Na wewe chukua matano," alisema.

Wakakaa hivyo saa tatu, bega kwa bega, hawawezi kuinuka hata kufunga dirisha. Mvua ilipiga mabati. Katikati ya kukaa kule Shaza aliuliza, bila kumtazama, "Alinitaka kweli au alinitupa?"

Mwanamkasi angeweza kusema lolote. Hapakuwa na shahidi. Kwa dakika moja moyo wake ulimwonyesha njia nyepesi, uongo ambao mtoto angebaki nao maisha yake yote.

"Alikutaka," alisema. "Siku aliyokuacha alitoka hapa akarudi mara tatu kukubusu. Na kila Ijumaa alipiga simu. Mimi ndiye niliyekuwa nikikata mapema, nikisema umelala."

Shaza alikiegemeza kichwa chake kwenye bega la Mwanamkasi. Hakusema kama amesamehe. Stima iliporudi waliyarejesha mayai kwenye boksi, na mapaja yao yalikuwa yamekufa ganzi.

Afrah alifika Jumatatu na keki na nguo mpya za skuli, zimekatwa kwa kukisia, zote kubwa. Alimwamkia dada yake shikamoo akambusu mkono. Kwa mtoto alisimama hatua mbili mbali, mikono yake haijui pa kukaa. Shaza ndiye aliyemsogelea. Alimpa mkono kama mgeni, akamwambia, "Njoo uone mayai."

Siku zile tano alizokaa Afrah, Mwanamkasi alijilazimisha kutoka. Alikwenda sokoni Kongowea asipokuwa na la kununua. Alikaa kwa Pascalia akinywa chai asiyoitamani. Aliporudi alikuta mama na mwana wameinama juu ya boksi, Shaza akifundisha.

"Kuanzia leo hatuyageuzi tena," alisikia Shaza akisema siku ya kumi na nane. "Kifaranga ameshajiweka sawa, kichwa chake kiko upande wa hewa. Ukimgeuza atapotea njia. Twaongeza maji tu."

"Nani amekufundisha yote haya?"

"Mama," alisema Shaza, halafu akawatazama wote wawili, Afrah kando yake na Mwanamkasi mlangoni.

Tikiti za treni za Afrah na Shaza kwenda Nairobi zilikuwa za Ijumaa. Mtoto aliomba wangoje vifaranga, na Afrah, ambaye hakuwa mtu mbaya, alizibadilisha ziwe za Jumamosi alasiri. Zaidi ya hapo hakuweza, maana skuli ilifungua Jumatatu. Jumamosi ilipopambazuka, siku ya ishirini na moja, mayai yote kumi yalikuwa mazima, hayana ufa. Shaza alikaa kando ya boksi tangu baada ya swala ya alfajiri. Pascalia alipopita alisema ni ile baridi ya siku ya mvua. Mayai yakipoa hukawia, pengine siku moja, pengine moja na nusu.

Saa sita mchana Shaza aliinua yai namba nne, akalitia sikioni. Uso wake ukabadilika. "Analia," alinong'ona. "Yuko ndani analia." Akampa Mwanamkasi, naye akasikia: sauti nyembamba, ya mbali, kama ya mtu aliye nyuma ya ukuta mnene. Akampa Afrah naye akasikia.

"Tumsaidie, Mama. Tulivunje kidogo tu, atoke nimwone."

"La, mwanangu. Damu yake bado haijaingia yote mwilini. Ukimtoa kabla ya wakati wake atakufa mkononi mwako."

"Lakini mimi naenda."

"Najua."

Teksi ilipiga honi langoni saa saba na nusu, maana mpaka stesheni ya Miritini ni mwendo, na daraja la Nyali halitabiriki. Mwanamkasi alikuwa amekwisha kuvaa buibui ili awasindikize. Shaza alimzuia mlangoni.

"Wewe baki na mayai. Wakitoka, wakute mtu."

Alimkumbatia kiunoni, kwa nguvu, kichwa kikiwa tumboni mwake. Afrah alimbusu dada yake mashavu yote mawili huku machozi yakimtoka. "Nisamehe, dada," alisema, na Mwanamkasi akasema, "Nisamehe wewe." Mlango wa teksi ukafungwa. Mwanamkasi alisimama langoni na buibui lake mpaka vumbi likatulia, kisha akaingia ndani, akapiga magoti kando ya boksi, akalia kama alivyolia siku ya maziko ya Swaleh. Hakukuwa na wa kumficha.

Namba nne alitoka Jumapili baada ya adhuhuri. Alitoboa, akapumzika saa nyingi, akalikata ganda duara kama mtu anayefungua kopo, akasukuma kwa miguu akaanguka kwenye maranda, amelowa, mbaya wa sura. Jioni alikuwa amekauka, amekuwa pamba ya rangi ya samli. Alfajiri ya Jumatatu walikuwa watano. Matano yaliyobaki hayakufunguka: mawili yalikuwa mayai viza, matatu yalikuwa na vifaranga waliokamilika hadi kucha, wamekufa wakiwa wamekunjana.

Alipiga picha akatuma. Alasiri Shaza alipiga simu kutoka Nairobi, bado ana nguo za skuli, akitaka aonyeshwe mmoja mmoja. Mwanamkasi alielekeza simu boksini. Alimweleza kuwa amewawekea maji ya glukosi kwenye kisahani chenye vijiwe wasizame, na unga wa vifaranga. Kwamba wakirundikana chini ya globu ni baridi, anaishusha, na wakikimbilia pembeni wakitweta ni joto, anaipandisha.

"Na yule mbona amekaa vile?"

Yule alikuwa namba tisa. Miguu yake ilikwenda kando, mmoja mashariki na mwingine magharibi, hakuweza kusimama. Mwanamkasi alimfunga miguu kwa utepe wa bendeji kama alivyoelekezwa na Pascalia, akamnywesha kwa tone la kidole, akamlisha mkononi. Siku ya tatu asubuhi alimkuta baridi, wenzake wakimkanyaga.

Alasiri hiyo simu ilipolia alikwishapanga maneno. Angesema amempa Pascalia. Angesema amepona. Lakini aliposikia sauti ya mtoto ikiuliza, "Namba tisa je?" alisema, "Amekufa, mwanangu. Nilijaribu, sikuweza." Shaza akaanza kulia, na Mwanamkasi akakaa na simu sikioni akimsikiliza, asiweze kumfuta, mpaka Afrah akaichukua simu na kusema kwa upole kwamba watazungumza kesho.

Wanne walikua. Simu za kila siku zikawa za Ijumaa na Jumapili. Kisha za Ijumaa. Shaza alipata rafiki. Alijiunga na timu ya kuogelea. Maneno yake yakaanza kuwa ya huko, ya haraka, yenye vipande ambavyo Mwanamkasi alimwomba avirudie. Likizo ya Aprili alikuwa aje, lakini Afrah alikuwa mja mzito na daktari alimkataza safari, na mtoto hakutaka kumwacha peke yake. Mwanamkasi alisema ni sawa, tena ndivyo inavyopasa. Alikuwa ameshanunua chandarua kipya.

Ilikuwa mwezi wa Juni, siku yule namba nne, sasa tembe, alipotaga yai lake la kwanza, dogo, lina doa la damu kwenye ganda. Mwanamkasi hakungoja Ijumaa, alipiga yeye. Afrah alimwita mtoto, na pakasikika miguu ikija mbio, na watu wengine wakicheka kwa nyuma.

"Shikamoo, Mamkubwa."

Mwanamkasi alidhani kuna mtu mwingine anayeamkiwa. Alingoja. Ndipo akatambua. Ndilo jina lake la haki, jina la dada mkubwa wa mama. Hakuna aliyekosea, wala sauti ya mtoto haikuwa na kinyongo ndani yake.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Yule wako ametaga."

"Kweli? Namba nne? Kubwa?"

"Dogo. Lakini ni zima."

Shaza alifurahi, akauliza maswali mawili matatu, akasema anaitwa mezani. Mwanamkasi alibaki na simu mkononi, joto lake likipungua.

Mwezi uliofuata tembe yule alilalia. Alivimba, akajibanza kwenye ungo nyuma ya jiko, hataki kula. Pascalia alifurahi alipomwona, akasema ni mama mzuri huyo, amwekee mayai kumi na mawili, na yeye mwenyewe atanunua vifaranga sita. Mwanamkasi alisema atafikiri. Kila asubuhi alimtoa kwenye ungo, akamfungia chini ya tenga uani na maji na chakula, ili hamu ya kulalia imtoke. Na kila jioni, akifunguliwa, kuku alirudi pale pale akalalia maranda matupu.

"Mbona wamtesa, Bi Mkasi?" Pascalia alimwuliza siku moja kwenye ukuta.

"Mwaka huu sitaki vifaranga," alisema Mwanamkasi, akainama kumwinua tena. Kuku alikuwa wa moto, mwepesi, kifua chake kimenyonyoka manyoya. Alimbeba chini ya kwapa hadi uani, naye hakupigana.